Klorokwini iliua kirusi sahanini, mgonjwa akabaki na maumivu yake

Mtu wa Amu, yaani Lamu, aliyekuwa mkubwa mwaka 2004 hana haja ya kuelezwa chikungunya ni nini. Vifundo vilivimba, vidole vikakataa kukunjika, watu wazima wakashuka ngazi za nyumba zao kwa kushika ukuta kama watoto wanaojifunza kutembea. Mvua zilikuwa haba. Maji yakawekwa akiba kwenye madumu, mapipa na mitungi, yakakaa siku nyingi bila kubadilishwa, na mbu aina ya Aedes aegypti akapata pa kutagia ndani ya nyumba. Damu zilipopimwa baada ya mlipuko, robo tatu ya waliopimwa walikuwa na kingamwili za kirusi hiki. Kutoka hapa kikashuka Mombasa, mwaka 2005 kikavuka hadi Komoro, kisha Réunion, kisha India.

Réunion ndiko klorokwini ilikojaribiwa mwaka 2006. Ni kile kidonge kichungu cha malaria ambacho Kenya ilikiondoa kwenye matibabu ya kwanza mwaka 1998. Hoja ya kukijaribu ilikuwa nzuri: kwenye sahani za maabara klorokwini huzuia chikungunya, na huzuia sana. Kwa wagonjwa haikufupisha homa, na baada ya zaidi ya miezi sita waliomeza klorokwini walilalamikia viungo kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2020 klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini zikarudi, safari hii kwa kirusi cha UVIKO-19, na mambo yakaishia pale pale. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 27.0 ya waliopewa haidroksiklorokwini, na asilimia 25.0 ya waliopewa matunzo ya kawaida.

Swali la barazani ni moja: mbona maabara ilisema inaua kirusi?

Maabara ilisema kweli. Ilijibu swali iliyoulizwa, na swali lenyewe lilikuwa dogo mno kwa jibu tulilotaka kulichukua kutoka kwake. Nitaeleza namna dawa na chanjo zinavyochujwa, kwa vipimo na tarakimu zake, na mahali ambapo chujio huvuja.

Sahani yenyewe

Sahani ya kuchujia ni plastiki ya sentimita 12.8 kwa 8.5, yenye vishimo 96 au 384. Ukubwa wa nje haubadiliki, ili mashine ya kampuni yoyote iweze kuishika. Katika ile ya 384, kila kishimo hupandwa seli 4,000 hadi 5,000 ndani ya mikrolita 25 hivi za maji ya lishe. Seli zinazotumika sana ni Vero, zilizotolewa kwenye figo la tumbili wa Afrika huko Chiba, Japani, mwaka 1962. Jina ni kifupi cha maneno mawili ya Kiesperanto yenye maana ya figo la kijani. Tumbili yule ni jamaa wa karibu wa hawa wanaovamia mashamba yetu ya bara.

Vero zina sifa moja inayozifanya zipendwe na inayozifanya zipotoshe. Haziwezi kutengeneza interferoni, protini ambayo seli iliyovamiwa huitoa ili kuziamsha jirani zake. Kwa hiyo virusi vingi hukua humo bila upinzani, na matokeo huonekana upesi. Lakini kile unachokitazama ni kirusi kilichoachiwa nyumba isiyo na mlinzi.

Seli huachwa zishike usiku mmoja, kisha hutiwa dawa. Dawa za maktaba, yaani mkusanyo wa molekuli za kujaribiwa, huhifadhiwa zikiwa zimeyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO kwa ukali wa milimola 10. Ukitaka kuanza na mikromola 10 unazimua mara 1,000, na DMSO inayobaki kishimoni ni asilimia 0.1. Seli nyingi huvumilia hadi asilimia 0.5; ukizidisha hapo unapima sumu ya DMSO. Vishimo vyote, pamoja na visivyo na dawa, lazima vipate DMSO kiasi kile kile, na hili husahaulika mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Baada ya dawa hutiwa kirusi, ndani ya maabara ya daraja la 3 la usalama. Hutiwa kidogo: chembe moja yenye uwezo wa kuambukiza kwa kila seli 20 hadi 100. Kirusi kikiwa kingi, seli zote huvamiwa kwa mpigo, na dawa inayozuia kizazi cha pili cha virusi haipati nafasi ya kuonyesha kazi yake. Chikungunya husomwa baada ya saa 48 hivi, kirusi cha UVIKO-19 baada ya saa 72.

Kusoma ni kazi ya mwanga. Seli hai ina ATP, ambayo ndiyo nishati yake. Ukitia mchanganyiko wenye kimeng'enya cha kimulimuli, kishimo huwaka kadiri ya ATP iliyomo. Kishimo chenye kirusi kikiendelea kung'aa, dawa iliyomo imezilinda seli. Njia hii ina hekima ndani yake, kwa sababu dawa yenye sumu huua seli na kishimo chake hubaki giza, kwa hiyo hujiondoa yenyewe. Njia nyingine hupima kirusi chenyewe, kwa kuhesabu RNA yake au kwa kutumia kirusi kilichopewa rangi inayong'aa. Hapo sumu hujificha vizuri: seli iliyokufa haizai kirusi, na karatasi ya matokeo itaiandika kama dawa bora ya siku.

Kabla ya kugusa dawa hata moja, sahani hupimwa kwanza. Safu mbili za kushoto na mbili za kulia huachiwa vidhibiti: nusu seli zisizo na kirusi, nusu seli zenye kirusi bila dawa. Kutokana na vidhibiti hivyo hupatikana namba iitwayo Z', iliyopendekezwa na Zhang na wenzake mwaka 1999. Chukua mtawanyiko wa vidhibiti vya aina zote mbili, ujumlishe, zidisha kwa 3, gawanya kwa tofauti ya wastani wao, kisha toa kwenye 1. Tuseme seli nzima zinatoa mwanga wa 100,000 na mtawanyiko wa 5,000, na seli zilizouawa na kirusi zinatoa 15,000 na mtawanyiko wa 4,000. Jumla ya mtawanyiko ni 9,000, mara 3 ni 27,000, kugawa kwa 85,000 ni 0.32, na Z' ni 0.68. Sahani hiyo inafaa. Sasa mwanga ubaki ule ule ila mkono utetereke, mtawanyiko uwe 10,000 na 6,000. Z' inashuka hadi 0.44, na sahani inatupwa, kwa kuwa mpaka unaokubalika ni 0.5. Wastani haukubadilika hata kidogo. Ndiyo maana mtu akikuonyesha wastani peke yake bado hajakuonyesha kitu.

Mtawanyiko huo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka pembezoni mwa sahani. Maji ya vishimo vya kingo hukauka haraka kuliko ya katikati, chumvi huzidi, seli huchoka. Tena sahani iliyopandwa seli sasa hivi na kuingizwa moja kwa moja kwenye inkubeta ya nyuzi 37 hupata joto pembeni kwanza, maji huzunguka ndani ya kishimo, na seli hujikusanya upande mmoja kama taka za pwani baada ya maji kujaa. Tiba ni rahisi: iache sahani juu ya meza kwa dakika 20 hadi 30 katika joto la chumba seli zitue sawasawa, ndipo uiingize. Usipandanishe sahani nyingi. Kama idadi inaruhusu, vishimo vya nje vijaze maji tu, usivipe dawa. Na seli zipimwe mikoplazma kila mwezi, kwa sababu bakteria hao hawaonekani kwa darubini ya kawaida na hubadili karibu kila jibu la seli.

Zinazoonekana dawa na si dawa

Chukua maktaba ya dawa 10,000, kila moja kwa mikromola 10. Mamia yanaweza kutokea kama washindi katika mzunguko wa kwanza. Wengi wao ni wa uongo, na kazi halisi huanzia hapo.

Kwanza hurudiwa kwa vipimo 8 hadi 10, kila kimoja theluthi ya kilichotangulia, kutoka mikromola 30 kushuka chini. Kutoka kwenye mchirizi wa grafu ya vipimo hivyo husomwa ukali unaozuia nusu ya kirusi, na pembeni, kwenye sahani isiyo na kirusi, ukali unaoua nusu ya seli. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Ukipata chini ya 10, mimi huiacha dawa hiyo bila majuto. Mchirizi nao uangaliwe umbo: ukiporomoka ghafla kama ukuta badala ya kuteremka kwa mteremko, mara nyingi dawa imeganda na kuwa chembechembe, na chembe hizo ndizo zinazokamata protini.

Wanaochuja kwa kimeng'enya badala ya seli wana mitego yao. Kirusi cha UVIKO-19 kina mkasi wa protini, Mpro, unaokatakata mnyororo mrefu ili kupata vipande vya kazi. Kipimo chake ni kipande kifupi cha protini chenye taa mwisho mmoja na kizima-taa mwisho wa pili. Mkasi ukikata, taa inawaka. Dawa inayouzuia mkasi huacha giza. Lakini dawa yenye rangi kali humeza mwanga na kuleta giza pia, na dawa inayounguza salfa ya protini huharibu mkasi wowote unaokutana nao. Mwaka 2020 ebseleni na disulfiramu zilisifiwa sana kwa Mpro. Ilipoongezwa DTT, kemikali inayoilinda salfa kama ilivyolindwa ndani ya seli, nguvu zao zilitoweka. Milimola 1 ya DTT na asilimia 0.01 ya sabuni laini ya Triton X-100 katika kila kipimo huondoa takataka nyingi kabla hazijala fedha na miezi ya watu.

Na hapa klorokwini inarudi. Ni dawa yenye tabia ya besi, na upande mmoja wa molekuli yake hupenda mafuta. Dawa za namna hii hujilimbika ndani ya lisosomu, vile vifuko vya asidi vya seli, na kusababisha mafuta kurundikana humo. Hali hiyo huitwa fosfolipidosisi. Seli iliyojaa mafuta hivyo haimlishi kirusi vizuri, na sahani husoma kwamba kirusi kimezuiwa. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba dawa nyingi za zamani zilizodaiwa kuzuia UVIKO-19, amiodaroni na haidroksiklorokwini zikiwemo, zilikuwa zikifanya kazi kwa njia hiyo tu. Kuikagua ni rahisi: tia rangi inayong'aa inayoshika mafuta ya lisosomu, soma kesho yake. Rangi ikipanda kwenye ukali ule ule ambao kirusi kinashuka, funga faili.

Seli ya nani?

Kosa kubwa la mwaka 2020, kwa maoni yangu, lilikuwa la kuchagua seli. Kirusi cha UVIKO-19 kina milango miwili. Kwenye Vero humezwa ndani ya kifuko, na hufunguliwa humo na kimeng'enya kathepsini L kinachohitaji asidi. Klorokwini huondoa asidi hiyo, basi kirusi kikafungiwa ndani. Lakini seli za mapafu ya binadamu zina TMPRSS2 juu ya utando wao, na kimeng'enya hicho humfungulia kirusi pale pale mlangoni, bila kupita kwenye kifuko. Kwenye seli za Calu-3, za mapafu ya binadamu, klorokwini haikuzuia maambukizi. Wiki chache za kazi kwenye seli sahihi zingeliokoa majaribio mengi na vidonge vingi.

Sahani hizo hizo za Vero ziliidhulumu dawa nyingine. Remdesiviri huingia kwenye seli ikiwa haijakamilika, na seli ndiyo inayoigeuza kuwa silaha. Vero huigeuza kwa uvivu. Katika kazi moja ya mwaka 2020, ukali uliohitajika kuzuia nusu ya kirusi ulikuwa mikromola 1.65 kwenye Vero E6, 0.28 kwenye Calu-3, na 0.01 kwenye seli za njia ya hewa za binadamu. Tofauti ya zaidi ya mara 100, dawa ile ile, kirusi kile kile. Nirmatreviri nayo, iliyoidhinishwa kwa dharura Marekani Desemba 2021, husukumwa nje na pampu za Vero, na wapimaji hulazimika kuongeza kizuia-pampu ili ionekane. Anayechuja kwa Vero peke yake angeikumbatia klorokwini na kuiweka nirmatreviri pembeni.

Kwa chikungunya hali ni tofauti, na hili halisemwi vya kutosha. Kirusi chetu hupita kwenye kifuko cha asidi kweli, kwa hiyo klorokwini iligusa mlango sahihi. Ilishindwa kwa sababu ya wakati. Sahanini hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kirusi au ikiingia pamoja nacho. Ikichelewa saa chache nguvu hupungua. Mgonjwa wa chikungunya anapoanza homa, kirusi kiko juu kabisa kwenye damu yake na kitashuka chenyewe ndani ya siku chache. Juu ya hapo klorokwini hupoza kinga. Nyani waliopewa dawa hiyo katika utafiti uliotolewa mwaka 2018 walikaa na kirusi kingi zaidi, na kinga yao ikachelewa. Kwa sababu hii kila dawa inayopita mchujo inapaswa kupimwa kwa kuchelewesha: itiwe saa 2 kabla ya kirusi, pamoja nacho, kisha saa 2, 4, 8 na 12 baadaye. Sahani moja inatosha, na mara nyingi hakuna anayeiweka.

Baada ya seli huja damu. Ivamektini ilizuia UVIKO-19 sahanini kwa mikromola 5. Molekuli yake ina uzito wa 875, kwa hiyo mikromola 5 ni nanogramu 4,375 kwa kila mililita. Mtu aliyemeza miligramu 12 hufikia takriban nanogramu 40 hadi 50, na zaidi ya asilimia 90 ya hizo zimeshikwa na protini za damu. Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya bahasha kwa dakika tano, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa.

Kuna jambo hata hesabu hiyo haiwezi kulikamata. Deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga, haimgusi kirusi. Ungeliitia kwenye sahani za Vero elfu, ingetoka bure mara elfu. Hata hivyo RECOVERY ilionyesha mwaka 2020 kwamba kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Wagonjwa hao walikuwa wakiuawa na moto wa kinga yao wenyewe, na hakuna chujio la kirusi linaloweza kuuona moto huo.

Na mwarobaini?

Linaulizwa kila mlipuko, na ni swali halali linalostahili kujibiwa kwa vitendo. Majani hupimwa kwa njia ile ile, kwa tahadhari za ziada. Kausha kivulini, saga, loweka gramu 10 katika mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70 kwa siku moja hadi mbili, chuja, kausha, kisha yeyusha kwenye DMSO kwa miligramu 20 kwa mililita. Anza na mikrogramu 100 kwa mililita na ushuke. DMSO itakuwa asilimia 0.5, ukingoni kabisa mwa kinachoruhusiwa. Sumu kwa seli ipimwe kwanza, kwa kuwa dondoo nyingi za majani huua seli kabla hazijafika kwa kirusi. Tanini hushika protini yoyote, saponini hutoboa utando wa seli na wa kirusi kwa pamoja, na ukijani wa majani humeza mwanga wa kipimo. Tanini zinaondoka kwa kupitisha dondoo kwenye unga wa poliamidi. Dondoo likipoteza nguvu baada ya hapo, ujue ulikuwa ukipima tanini. Andika pia jani lilichumwa wapi, mwezi gani, mti gani. Dondoo la Kaskazi na la Kusi yanaweza kutoa matokeo mawili.

Kuchuja kwa kompyuta, kwa kupachika picha za molekuli kwenye picha za protini, nitakupitia haraka: hupunguza mamilioni hadi mamia, na kila kinachobaki bado kinadaiwa hatua zote nilizozitaja.

Chanjo huchujwa kwa namna yake

Kwa chanjo kinachotafutwa ni umbo. Mwiba wa kirusi cha UVIKO-19 ukitengenezwa peke yake hupenda kugeuka umbo la baada ya kuingia kwenye seli, na kingamwili zitakazofundishwa kwa umbo hilo hazitakizuia kirusi kilicho mlangoni. Suluhisho lilikwishapatikana kwa kirusi cha MERS, jamaa wa kile cha UVIKO-19: prolini mbili, aina ya asidi-amino ngumu kupinda, mahali pa kujipinda. Kwa UVIKO-19 ziliwekwa nafasi ya 986 na 987. Baadaye kikundi cha Texas kikachuja miundo 100 ya mwiba, kila mmoja na badiliko lake, wakipima mambo ya kawaida kabisa: seli zinatoa kiasi gani, unayeyuka kwa joto gani, unastahimili kugandishwa na kuyeyushwa mara ngapi. Mshindi, HexaPro, ana prolini sita na hutolewa karibu mara 10 zaidi. Kwa nchi inayotaka kutengeneza chanjo kwa bei ya watu wake, mara 10 hiyo ni kitu kikubwa.

Wakati mwingine kinachoamua ni mwili wa anayechanjwa. BioNTech na Pfizer walikuwa na wagombea wawili waliolingana kwa kingamwili, BNT162b1 na BNT162b2. Walimchukua wa pili kwa sababu homa na uchovu baada ya sindano vilikuwa vidogo, hasa kwa wazee.

Kipimo cha msingi cha kingamwili ni kile cha kuhesabu matundu, yaani mahali ambapo kirusi kimeua seli. Seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, hupashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, ili protini nyingine za kinga zisiingilie. Huzimuliwa mara mbili mbili kuanzia 1 kwa 10, kila mzimuo huchanganywa na kirusi cha kutosha kutoa matundu 50 hadi 100, hukaa nyuzi 37 kwa saa moja, kisha humwagwa juu ya zulia la seli. Baada ya saa moja nyingine hufunikwa kwa uji mzito wa selulosi, ili kirusi kisiogelee mbali na kianze tundu moja mahali pamoja. Siku mbili au tatu kwa chikungunya, kisha seli hukazwa kwa fomalini, hupakwa rangi ya zambarau, na matundu meupe huhesabiwa. Mzimuo wa mwisho unaopunguza matundu kwa nusu ndio alama ya mtu huyo.

Makosa yake ni ya mkono. Uji ukimwagwa ukiwa moto, seli hufa na zulia zima linakuwa tundu. Sahani ikitikiswa siku ya kwanza, matundu hupata mikia kama vimondo na hayahesabiki. Na maabara mbili hazitoi alama sawa hata kwa seramu moja, ndiyo maana Desemba 2020 WHO ilianzisha seramu ya kulinganishia UVIKO-19, yenye vizio 1,000 kwa mililita. Asiyeiweka kwenye sahani yake asilinganishe chanjo yake na ya mtu mwingine.

Kwa chikungunya alama hii ilibeba mzigo mzito kupita kiasi. Milipuko huja na kuondoka kabla jaribio halijapangwa, kwa hiyo chanjo iitwayo Ixchiq iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 kwa kingamwili: alama ya 150 au zaidi ilihesabiwa kuwa ishara ya kinga. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Agosti 2025 leseni yake ilisimamishwa huko huko kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya waliochanjwa. Matundu kwenye sahani hayakuweza kuonyesha madhara hayo, kwa kuwa hayakuulizwa.

Seramu za Amu

Yeyote atakayekuja kupima chanjo ya chikungunya hapa ajue anakutana na watu wa aina mbili. Wengi waliokuwepo mwaka 2004 tayari wana kingamwili, na sindano kwao itaruka juu kuliko kwa mtu asiyewahi kuugua. Waliozaliwa baada ya hapo wengi wao ni wapya kwa kirusi. Ukiwachanganya bila kuwapima kabla, wastani utasifia chanjo kwa kazi iliyofanywa na mbu.

Tena yupo o'nyong'nyong, binamu wa chikungunya anayebebwa na mbu wa malaria, aliyejulikana Uganda mwaka 1959. Kingamwili za chikungunya humzuia o'nyong'nyong vizuri. Za o'nyong'nyong humzuia chikungunya kwa udhaifu. Kwa seramu ya pwani, kirusi kimoja peke yake kwenye kipimo hakitoshi. Viwekwe vyote viwili, sahani ya siku moja, seli za chupa moja, na alama zilinganishwe.

Na seramu zenyewe zifike zikiwa nzima. Damu iachwe igande kwa dakika 30 hadi 60 kivulini, izungushwe kwa nguvu ya g 1,000 hadi 2,000 kwa dakika 10, na seramu itenganishwe hapo hapo kisiwani, kabla ya boti ya kuvuka hadi Mokowe, bandari ya bara. Chupa ya damu isiyotenganishwa ikirushwa na mawimbi kisha ikapandishwa basi la kwenda Malindi na Kilifi, chembe nyekundu hupasuka, seramu huwa nyekundu, na huua seli kwenye mizimuo ya kwanza. Barafu isiguse mirija moja kwa moja; weka kadibodi katikati, joto liwe nyuzi 2 hadi 8. Kila seramu igawanywe kwenye mirija midogo ya nusu mililita, minne au mitano, ili kila kipimo kiyeyushe mrija wake na mingine isiguswe. Majina ya mirija yaandikwe kwa kalamu isiyofutwa na spiriti, mwilini mwa mrija, kwa sababu vifuniko hubadilishana.